Uyoga Si Tusi

Katika lugha yetu ya magazeti na majukwaa, uyoga umepewa kazi moja tu, nayo ni kutukana. Vyama vinazuka kama uyoga. Shule zisizo na walimu zinaota kama uyoga. Waimbaji wasio na sauti wamechipuka kila pembe kama uyoga. Mwenye kutaka kusema kwamba jambo fulani limekuja ghafla, halina mizizi wala thamani, na kesho litatoweka, huuchukua uyoga akaurusha kama mtoto arushavyo kokoto. Nami nimeurusha mara nyingi, katika makala na hata katika beti, na hapana mhariri hata mmoja aliyepata kuniuliza: Wewe bwana, huo uyoga unaujua?

Sikuujua. Nilizaliwa kisiwani, nikalelewa baina ya minazi na mikarafuu, na uyoga pekee niliouona utotoni ni ule uliojitokeza kwenye gogo la mnazi lililooza baada ya mvua. Mama alitukataza kuugusa, na hiyo ndiyo elimu yote niliyoipata juu yake hadi nilipopindukia umri wa makamo. Kwa elimu hiyo nilijiona mtu wa kutosha kuwahukumu wenzangu.

Makala haya ni ya ugomvi, na wa kwanza ninayegombana naye ni mimi mwenyewe.

Mwaka 2006 niliketi pamoja na wenzangu wawili kuamua shindano la ushairi. Bahasha moja ilitoka mkoa wa Rukwa. Aliyeandika alikuwa kijana, na alikuwa ametunga tarbia ya beti kumi na mbili. Vina vyake vilitulia, na mizani haikuchechemea hata mahali pamoja. Alisimulia msitu ambao majani yake huanza kuwa mekundu kabla mvua haijanyesha. Akasimulia mama yake akitoka alfajiri na kikapu. Akasimulia kichuguu kilichopasuka, na uyoga uliojitokeza humo. Uyoga huo aliutaja kwa majina matatu au manne ya kwao, bila kutoa maelezo yoyote, kama nasi tutajavyo changu na kolekole pasipo kumfahamisha msomaji kwamba hao ni samaki. Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, nilifanya lililo baya zaidi. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni mwa karatasi: "Mada haina hadhi ya ushairi. Majani hayawi mekundu kabla ya mvua. Tumia maneno ya Kiswahili."

Sentensi tatu, makosa matatu. Jina la kijana yule sikulisikia tena katika ushairi.

Miaka kumi na mitatu ikapita. Binti yangu alikuwa ameolewa na mwenyeji wa Mtowisa, na mwishoni mwa Oktoba 2019 nilisafiri kwenda kumwona mjukuu. Niliposema mtaani kwamba nakwenda Sumbawanga, waliniangalia kama mtu anayekwenda kuzimu. Sisi watu wa pwani tunajua jambo moja tu kuhusu Sumbawanga, nalo ni uchawi. Tunautania, tunauogopa, tunautungia visa. Wenyeji husimulia kwamba jina lenyewe, kwa Kifipa, ni amri ya kuutupa uchawi: anayeingia mjini autue mzigo huo nje. Mji unaowaambia watu watupe uchawi ndio tulioufanya makao makuu ya uchawi. Hapo kuna somo kwa yeyote adhaniye kwamba neno likishasikika basi limeeleweka.

Kutoka uwanda wa juu wa Ufipa, penye baridi na nyasi ndefu, njia huteremka ukingo mrefu wa milima uitwao Lyamba lya Mfipa hadi bonde la Ziwa Rukwa, na huko chini, penye joto, ndiko iliko Mtowisa. Ilikuwa bado kiangazi. Vumbi lilikuwa limejaa kote, mito ya msimu ilikuwa mchanga mtupu, na tangu miezi mingi haikuwa imenyesha mvua ya maana. Nami nikatazama nje ya dirisha la gari, kwenye miteremko ile, nikaona msitu mwekundu.

Nasema mwekundu, msomaji wangu, wala sizungumzi kwa istiara. Miombo ilikuwa imevaa majani mapya: mengine mekundu kama pilipili iliyoiva, mengine rangi ya shaba, mengine ya waridi, na baina yake mengine yalikwisha kugeuka kijani kibichi. Miti ile haiisubiri mvua. Mizizi yake huzama chini sana, nayo hutumia maji iliyoyaweka akiba. Wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza kuanguka, hutoa majani laini mekundu, kana kwamba imepata habari ambayo sisi hatujaipata. Dereva hakushangaa. Abiria hawakushangaa. Mimi peke yangu, mfasiri na mwamuzi wa mashindano, nilikodoa macho kama mgeni wa dunia. Nikaikumbuka kalamu yangu nyekundu.

Hapa ndipo ninapotaka kuanza hoja, kwa kuwa wapo waungwana ninaowaheshimu ambao bado wanashikilia yale niliyoyaandika mimi mwaka ule.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba sisi hatuna machipuko. Afrika Mashariki, husema, ina mvua na ukavu, basi. Majira yale ya furaha, ambayo miti huzaliwa upya na moyo wa mtu ukazaliwa nayo, ni mali ya Ulaya, Uajemi na Japani, na mfasiri anayeyakuta katika shairi la kigeni hana budi kuyatafutia kiraka. Nimekishona kiraka hicho kwa zaidi ya miaka ishirini. Mara niliandika "majira ya kuchipua", fungu la maneno refu lisilopendwa na mizani. Mara niliandika "machipuko", neno zuri ambalo msomaji wa pwani hulipokea kama ajuavyo theluji, yaani kwa kusikia. Mara moja, Mungu anisamehe, niliandika "masika", nikamfanya mpenzi wa Kiingereza aketi bustanini akinusa maua chini ya mvua ya Aprili inayobomoa kuta za udongo.

Wala tatizo hili si langu peke yangu. Shaaban Robert alipomfasiri Omar Khayyam, kitabu kilichotoka mwaka 1952, ilimlazimu ayavushe majira ya Uajemi kupitia Kiingereza cha Edward FitzGerald hadi Kiswahili. Na kabla yake, pwani yetu ilikwisha kuipokea sikukuu ya machipuko bila machipuko yenyewe. Mwaka Kogwa wa Makunduchi ni nini, kama si Nairuzi? Siku hiyo huko Irani ni mlango wa machipuko, karibu na tarehe 21 Machi. Ya kwetu, kwa kuwa mwaka wake ni wa siku 365 kamili bila siku ya nyongeza, ilitembea polepole ndani ya kalenda, na leo tunaiadhimisha mwezi Julai, kusi inapovuma. Tumebaki na siku, na moto, na ugomvi wa migomba, na nyimbo. Jani jipya halimo.

Nimetumia maisha yangu kuomboleza kwamba jani hilo limebaki Shiraz. Kumbe liko Mtowisa! Liko Mtowisa, liko Mpanda, liko Tabora, liko kila mahali palipo na miombo, na Watanzania wengi mno wamelitazama kila mwaka tangu utotoni. Anayesema kwamba Kiswahili hakina machipuko ana maana kwamba mtaa wake hauna machipuko. Kiswahili kimetoka mtaani mwetu siku nyingi, ila sisi hatukukifuata.

Na tazama jinsi neno "masika" lenyewe linavyotuaibisha. Kwetu masika ni mvua za Machi hadi Mei, na vuli ni mvua fupi za mwisho wa mwaka. Kwa mtu wa Rukwa hakuna mafungu mawili. Mvua yake ni moja, huanza Novemba na kuendelea hadi karibu Aprili, na yote huiita masika. Tukiandika "masika" katika jarida hili, nusu ya wasomaji wa Kiswahili wanaona mwezi mwingine. Je, tumepata kulifikiria hilo? Tumekuwa tukiwaambia kwamba wanakosea.

Hoja ya pili ni ya hadhi. Uyoga, husema waungwana, ni chakula cha msituni, cha siku za njaa, cha asiye na kitoweo. Tena ni hatari. Ushairi una waridi, yasmini, karafuu, lulu na mawimbi, uuache uyoga kwa wenyewe. Hoja hii haina nguvu hata chembe. Waridi halikuzaliwa kwetu, na jina lake ni la Kiarabu. Yasmini ilikuja na jina lake kutoka ng'ambo. Karafuu, ambayo leo huwezi kuitaja Unguja na Pemba bila kuitaja, asili yake ni visiwa vya Maluku, na mashamba yake kwetu ni mambo ya karne ya 19. Haya yote yaliwahi kuwa mageni, na kuna siku mshairi fulani aliyatia katika ubeti kwa mara ya kwanza, pengine na mzee mmoja akacheka. Kama karafuu ya Maluku imepewa uraia wa ushairi wetu, uyoga wa Rukwa, uliokuwako kabla ya Uswahili wenyewe kupata jina, unanyimwa kwa hukumu gani?

Kwingineko hawakuona haya. Tolstoy, katika Anna Karenina, anawapeleka mwanamume na mwanamke msituni kuchuma uyoga. Mwanamume amekusudia kuposa, maneno yako ulimini, lakini anajikuta akiuliza swali juu ya aina za uyoga, na posa inakufa hapohapo. Sijui onyesho jingine linaloeleza woga wa moyo kwa ufupi kama lile. Sylvia Plath wa Marekani alitunga mwaka 1959 shairi zima lenye jina la uyoga. Wasomi wetu huwasifu wote wawili darasani, kisha humkatalia kijana wa Rukwa. Ni nini hasa tulichomkatalia? Mada, au anwani?

Sasa nieleze nilichokiona, kwa kuwa nimechoka kuwasikia watu wakiudharau uyoga ambao hawajapata kuuinamia.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku. Asubuhi yake ardhi ilitoa harufu ambayo sitaieleza, maana kila mtu anaijua na hakuna aliyepata kuiandika vema. Jioni kumbikumbi waliruka kuzunguka taa. Watoto wakawakimbiza na beseni la maji, wakawala wengine wabichi kwa kicheko. Wakaleta na makusu kutoka mteremkoni, yenye ganda gumu na utamu wa asali iliyochachuka kidogo. Hakuna aliyekuwa na fedha zaidi ya jana yake, lakini nyumba nzima ilibadilika sura. Basi kama hiyo siyo furaha ya machipuko, wanaoiimba Ulaya waniambie yao ina nini zaidi.

Baada ya siku kadhaa, mkwe mwenzangu, mama mzazi wa mkwe wangu, mwanamke aliyenizidi umri kwa miaka kumi au zaidi, alinichukua msituni. Alikuwa na kikapu, nami nilikuwa na daftari. Alitembea taratibu, macho chini, na kila mara alisimama nikidhani amechoka, kumbe ameona. Wa kwanza ulikuwa rangi ya kiini cha yai, umejificha chini ya majani makavu, na ulikuwa na harufu ya tunda. Mwingine ulikuwa mwekundu, mwingine mweupe wa kutoa maziwa ulipovunjwa. Kila mmoja ulikuwa na jina. Nilipokata wa nne kwa furaha ya mwanafunzi, alisema bila kugeuka, "Mkwe, huo utupe. Na mikono unawe." Mimi niliuona ni ndugu pacha wa ule alioutia kikapuni muda si mrefu.

Kwenye kichuguu alinionyesha uyoga uliojitokeza kwa shina refu lililozama ndani ya udongo kama mzizi. Huo hupandwa na mchwa. Naam, hupandwa: mchwa hukusanya majani makavu na vipande vya miti, huvitafuna, huvijenga kuwa bustani chini ya kichuguu, na bustani hizo huotesha kuvu inayowalainishia chakula, mvua zikija, kuvu hiyo hutoa uyoga nje. Mchwa wameilima hiyo tangu kabla ya mwanadamu kushika jembe. Upande wa pili wa mpaka, Zambia, wako ndugu wa jamii hiyohiyo, Termitomyces titanicus, waliopewa jina la kisayansi mwaka 1980, ambao kofia yao huweza kufikia karibu mita moja. Mtu anaweza kuutumia mmoja kama mwavuli na akabaki na kitoweo.

Na ule wa rangi ya kiini cha yai, je? Huo haupandwi na mchwa, bali umefunga ndoa na miombo. Nyuzi zake huizingira mizizi ya mti chini ya ardhi. Zinaupa mti maji na madini ambayo mizizi peke yake isingeyafikia, na mti unaulipa kwa sukari inayotengenezwa na majani. Yale majani mekundu niliyoyaona Oktoba, basi, na uyoga nilioula Desemba, ni mlango na nyumba. Hivyo kijana yule alipoyaweka katika shairi moja hakuwa akibahatisha picha. Alikuwa akieleza namna dunia yake inavyofanya kazi. Tena yeye alikuwa na bahati ambayo mshairi wa Ulaya hana: huko sehemu kubwa ya uyoga huja wakati majani yanapukutika, na kwake uyoga na jani jipya huja katika msimu mmoja.

Usiku huo tulikula uyoga ulioungwa kwa karanga zilizotwangwa, kwa ugali wa ulezi. Nimekula pweza wa nazi wa mikono ya watu mashuhuri. Sitaulinganisha, ila nitasema niliomba tena, na nikaomba tena.

Nimefika kwenye hoja ya tatu, ambayo ndiyo inayonikera kuliko zote: kwamba majina yale si Kiswahili, na mshairi ajizuie nayo asije akaichafua lugha. Ajabu ya lugha isiyochafuliwa na meza na leso za Wareno, wala bandari ya Waajemi, wala gari la Wahindi, ila inachafuliwa na jina la uyoga kutoka kwa Wafipa, ambao ni ndugu zake wa damu! Sisi tuna neno moja, "uyoga", kwa mamia ya viumbe visivyofanana. Ni kama kusema "samaki" na kunyamaza, ukiwa umeketi sokoni Malindi au Forodhani. Mvuvi gani angekubali umaskini huo?

Umaskini huo unaua. Nasema hivi bila chumvi, na naomba hapa msomaji asipite haraka. Wako uyoga wa jamii ya Amanita wanaobeba sumu isiyoondoka kwa kuchemshwa. Anayeula huenda asihisi kitu kwa saa sita, kumi, au zaidi. Kisha hutapika na kuharisha. Kisha hupata nafuu ya uongo, akadhani amepona, huku ini likiharibika. Katika jamii hiyohiyo wako wanaoliwa na kupendwa kote katika miombo. Watu hujitungia kanuni: ukiliwa na wadudu ni salama, kijiko cha fedha kitabadilika rangi, mweupe ni mzuri na mwekundu ni mbaya. Zote ni uongo. Hakuna kanuni moja inayoutenganisha uyoga mwema na mwovu. Kuna kujua huu na huu na huu, mmoja mmoja, kwa sura yake, mahali pake, mwezi wake, na jina lake, kutoka mkononi mwa aliyeula na aliyeonyeshwa na mamaye. Jina ndilo kamba inayoyafunga hayo yote pamoja. Mtoto asiyerithishwa jina amebaki na sura peke yake, na sura, kama nilivyoona msituni, ina pacha.

Sasa mtoto huyo wa Mtowisa husoma shule ambako lugha ya vitabu ni Kiswahili. Katika vitabu vyake uyoga ni uyoga. Katika magazeti uyoga ni dhihaka. Katika jarida la ushairi, tukiachiwa watu kama mimi, uyoga haumo kabisa. Nyumbani bibi ana majina, lakini mtoto amekwisha kufundishwa kwamba majina ya bibi si ya kuandikwa. Tunalalamika kwamba mwacha asili ni mtumwa, na sisi ndio tunaomwandikia hati ya utumwa kwa kalamu nyekundu.

Mwaka 2003 kilichapwa Helsinki kitabu kikubwa cha uyoga wa Tanzania, kazi ya Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland pamoja na mtaalamu wetu wa mimea, Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nawashukuru kwa dhati. Lakini kimeandikwa kwa Kiingereza, na mama wa Mtowisa hatakisoma. Wafini walitoka kwenye theluji wakaja kutuuliza wazee wetu majina ya uyoga. Sisi wa baharini, tunaosema lugha moja nao, hatukuwauliza.

Wako watakaoniambia kwamba naitukuza miombo wakati miombo inakwisha, na kwamba mshairi hawezi kuuzuia msumeno. Ni kweli, hawezi. Mashamba mapya yanafunguliwa, moto hupita kila kiangazi, na mkaa unahitajika mijini. Sitamnyooshea kidole mkulima wa bondeni: mimi mwenyewe ni mtu wa kisiwa ambako mkaa huvuka bahari kutoka bara, na chungu changu cha pilau kimechemka juu ya msitu wa mtu mwingine. Ila mti wa mwombo ukikatwa, uyoga uliofunga nao ndoa hauhamii shambani. Unakufa na mizizi. Kichuguu kikisawazishwa, bustani ya mchwa imekwenda. Baada ya hapo neno hubaki miaka michache midomoni mwa wazee, kisha nalo hufuata. Mshairi hawezi kuuzuia msumeno, lakini anaweza kukataa kuwa wa pili kukata.

Utaona kwamba sikuyaandika hapa majina niliyofundishwa. Yamo katika daftari langu, na sikio langu la pwani liliyasikia vibaya zaidi ya nusu. Mkwe wangu alicheka nilipomsomea. Haki ya kuyaandika ni ya wenyewe, nami nisingependa kuwa tena mtu wa nje anayeandika pembeni mwa karatasi yao. Ninachotaka ni mlango uwe wazi.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Kwanza, jarida hili litangaze kwamba linapokea mashairi kutoka Ufipa, Unyamwezi, Ubena na kote kwenye miombo, yenye majina ya vitu vya huko, bila kumtaka mtungaji aombe radhi wala aweke tafsiri baada ya kila neno. Wakubwa zetu walibishana kuhusu vina na mizani tangu Kichomi cha Kezilahabi kilipotoka mwaka 1974. Walibishana kuhusu umbo la chombo; shehena waliiacha ileile. Pili, watunga kamusi waingie misituni mwezi Desemba na kina mama, wakachukue majina kutoka midomoni mwao, wayatie katika kamusi kama walivyotia majina ya samaki na ya sehemu za jahazi. Tatu, walimu wa ushairi wakome kuwafundisha watoto wa bara kuiona bahari wasiyoiona. Mtoto wa Mtowisa hahitaji wimbi. Ana ukingo wa Lyamba lya Mfipa unaowaka mwekundu kabla ya mvua, jambo ambalo hakuna mshairi wa mwambao aliyepata kuwa nalo.

Mimi binafsi nimeanza kuzipitia upya tafsiri zangu. Kila nilipoandika "masika" kwa makosa, nafuta. Na kwa kijana yule wa mwaka 2006, ambaye sasa ni mtu mzima na huenda asomaye mistari hii ni yeye, nina ubeti mmoja. Mizani yake aihesabu kama mimi nilivyoihesabu yake:

Nilikata shairilo, pasi kujua uyoga,
Nikasema: "Hili silo", kwa kalamu ya kuiga,
Sasa nalitaka hilo, kwa haya na kwa uoga,
Kwao uyoga ni mlo, ni neno, tena ni mboga.

Kama bado analo shairi lake, alitume tena kwa mhariri. Beti zote kumi na mbili, na majina yote.